Barua ya wazi kwa wanaosimamia Mji wa Kale wa Mombasa: gemu ijayo isijengwe kwa kutuzunguka

Kwa viongozi wa Serikali ya Kaunti ya Mombasa,
Kwa wakuu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, mnaosimamia Fort Jesus na uhifadhi wa Mji wa Kale,
Na kwa wazee wetu wa mitaa na maimamu wa misikiti, ambao ruhusa yenu haina muhuri lakini ndiyo inayofungua milango.

KUH: MJI WA KALE KUWA MANDHARI YA GEMU

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote.

Naanza na ombi lenyewe, ili asiye na nafasi ya kusoma barua ndefu aishie hapa. Naomba muweke utaratibu wa wazi kwa yeyote anayetaka kuutumia Mji wa Kale kama mandhari ya gemu, iwe ya kompyuta, ya simu au ya pleistesheni. Naomba pia michoro, vipimo na picha za majumba yetu zilizolala makabatini zifunguliwe kwa vijana wa hapa wanaojifunza kazi hiyo, kwa masharti wanayoyamudu. Hayo yafanyike kabla hajaja mtu mwingine kutoka mbali akatujenga apendavyo.

Nasema mwingine kwa kuwa wa kwanza alishatujenga zamani, na nina hakika wengi wenu hamna habari.

Tarehe 9 Novemba 2004, kampuni ya Marekani iitwayo Bungie ilitoa gemu ya Halo 2. Saa 24 za kwanza ziliingiza dola milioni 125 kwa mauzo ya Marekani na Kanada peke yake. Humo ndani mchezaji ni askari, mwaka ni 2552, na mahali anaposhukia ni Mombasa. Anapigana na viumbe kutoka sayari nyingine vichochoroni mwa mtaa unaoitwa Old Mombasa, halafu anapanda kifaru na kuvuka daraja refu sana hadi Mombasa mpya, yenye majengo ya kutisha kwa urefu na mnara wa kupandishia mizigo hadi nje ya dunia. Sisi wa leo bado tunabanana kwenye feri ya Likoni, lakini tuyaache hayo.

Haikuishia hapo. Mwaka 2005 wakaongeza uwanja wa wachezaji wengi uitwao Turf, nao ukiwa Old Mombasa. Mwaka 2007 ikaja Halo 3, vita vikahamia Tsavo na Voi. Mwaka 2009 ikatoka Halo 3: ODST, ambayo karibu yote inachezwa katika mitaa ya Mombasa mpya, usiku, mchezaji akitembea peke yake gizani. Humo mna sehemu iitwayo Kizingo Boulevard, ambako vifaru vinapita, na nyingine iitwayo Kikowani Station, stesheni ya treni. Kikowani! Pale ambapo wengi wetu tumewazika wazazi wetu. Ndugu zetu wa Zanzibar nao hawakuachwa: uwanja mmoja maarufu wa Halo 2 uliitwa Zanzibar, na ulipotengenezwa upya mwaka 2014 ukapewa jina la Stonetown. Una gurudumu kubwa linalozunguka katikati. Mwenye kulijua gurudumu hilo lilipo Unguja anielekeze.

Sina ugomvi na waliotengeneza gemu hizo. Waliandika hadithi ya miaka zaidi ya mia tano ijayo, na mtu akiandika ya mbele ana haki ya kubuni. Tena nimezicheza, na nimezipenda. Kuna vijana Ulaya na Marekani ambao jina la Mombasa walilisikia mara ya kwanza kwenye gemu hiyo, na wengine hadi leo wanashangaa kuambiwa kwamba mji huo upo kweli. Kwa bei ya bure tumepata umaarufu ambao bodi ya utalii ingeulipia pesa nyingi.

Ila tazameni walichochukua na walichoacha. Walichukua majina. Wakachukua pia wazo la vichochoro vyembamba, maana vichochoro ni vizuri kwa kuviziana. Kuta wakazipaka rangi ya mchanga, na mtu angekwambia ni Mogadishu au Baghdad usingembishia. Mji wa Kale wenyewe wameuweka ng'ambo, kiasi kwamba ili ufike mjini ni lazima uvuke daraja, wakati sote tunajua umekaa kisiwani ukiitazama Nyali. Na watu hawamo. Si mama, si mtoto, si muuza kahawa. Katika ODST kuna msichana wa Mombasa aitwaye Sadie Endesha, lakini hukutani naye, unaokota rekodi za sauti yake tu njiani. Mimi katika umri wangu wote sijakutana na ukoo wa akina Endesha hapa Mombasa.

Niwaonyeshe kwa karibu ninachokilalamikia, maana kusema "wamekosea" ni rahisi. Kazi yangu ni kuunda majengo kwenye kompyuta. Mchana naunda nyumba ambazo bado hazijajengwa, za kuwaonyesha wanunuzi. Usiku naunda Mji wa Kale kwa ajili ya gemu ambayo sisi vijana wachache tunaihangaikia. Kwa hiyo nayajua makosa haya kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo kila ninapopitia kazi za wenzangu wa nje waliojaribu kuchora mji wa pwani yetu kwa kuangalia picha za watalii.

Kosa la kwanza ni chumba. Wao huchora chumba kipana kama ukumbi wa hoteli. Vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba, na si kwa umaskini wa fundi. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na boriti haiwezi kuvuka upenyo wa mita tatu hivi bila kulemewa na uzito huo. Basi mti wa mkokoni ndio uliopima chumba, chumba kikapima nyumba, na nyumba zikapimana zenyewe kwa zenyewe hadi kichochoro kikapata upana wake. Ukiikosea boriti umeukosea mtaa mzima, na mchezaji hatajua kwa nini anahisi yuko kwenye mji wa uongo, lakini atahisi.

Kosa la pili ni paa. Mtu wa mbali akisikia "mji wa kale wa Waislamu" mkono wake wenyewe unachora paa bapa, kama wa jangwani. Mombasa hunyesha, mabwana. Mwezi wa tano ukifika hata mabati yaliyoshikwa na kutu juu ya nyumba za Ndia Kuu yanapiga kelele hadi mazungumzo yanakatika. Paa letu la mabati lenye mgongo ni sehemu ya sura ya mji kama zilivyo zile roshani za mbao zilizotoka kwa mafundi wa mtindo wa Kihindi, zenye nakshi za kukatwa na mikono ya mbao inayozishika kutoka chini. Ondoa mabati kwa kuwa hayapendezi, na umepata kadi ya posta.

Kisha ukuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa haupasuki kwa mstari kama wa saruji. Unabanduka kwa mabaka, na ndani ya baka unaliona jiwe lenye vitundu vya baharini. Chini, pale watu wanapokaa, baraza limelainishwa na makalio ya vizazi na vizazi. Kwenye mlango wa nakshi, mfaa, ule mti wa katikati, huwa umechongwa vizuri kuliko ubao wenyewe, na mara nyingi ubao mmoja tu ndio unaofunguliwa siku za kawaida, kwa hiyo kizingiti kimelika upande mmoja. Mambo haya hayaonekani kwenye picha ya mtalii aliyesimama katikati ya njia. Yanaonekana kwenye michoro iliyopimwa, na hiyo tunayo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mji wa Kale umekuwa eneo la kuhifadhiwa, na mipango haiandikwi bila watu kupima na kuchora.

Sauti ndiyo huniuma zaidi. Adhana ya Magharibi hapa kwetu haitoki kwa pamoja. Unaanza msikiti mmoja, wa pili unadakia, wa tatu uko nyuma kidogo, na aliyesimama Kibokoni hasikii mpangilio ule ule anaousikia aliyesimama kwenye ngazi za Leven. Muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe. Mkokoteni wa mitungi ya maji unasikika kabla haujaonekana, na kila aliye kichochoroni anajibana ukutani bila kuambiwa. Tuktuk inapiga honi kwenye kona. Gemu nzuri ingemfundisha mchezaji kuujua mtaa kwa masikio, akizima taa asipotee. Hakuna studio ya nje itakayoyajua haya kwa kupekua intaneti. Ni lazima imwajiri mtu wa hapa.

Mtaniambia: lakini gemu zinataka vita. Kama ni vita, kuna haja gani ya kuagiza viumbe wa sayari nyingine? (Hata gemu ya Nairobi X ya Andrew Kaggia, ya mwaka 2015, ambayo Mkenya aliitengeneza mwenyewe na nampongeza kwa hilo, imewaleta Nairobi. Naona viumbe hawa wana kisa na Kenya.) Chukueni kisa cha Yusuf bin Hassan peke yake. Baba yake, Sultani wa Mombasa, anauawa kwa hila ya Wareno. Mtoto anapelekwa Goa, analelewa na mapadri, anabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, anarudishwa Mombasa atawale kwa niaba yao. Tarehe 16 Agosti 1631 anaingia Fort Jesus, anamuua kamanda wa ngome na kuiteka. Mwaka 1632 manowari za Wareno zinakuja kutoka Goa kumtoa, zinashindwa, na baadaye anaondoka mwenyewe kwa jahazi na kuishi baharini akiwawinda hadi kifo chake mwaka 1638. Mtu aliyelelewa na maadui wa baba yake, mwenye majina mawili na dini mbili, ndani ya ngome moja. Waandishi wa gemu wanalipwa vizuri wabuni mhusika wa namna hiyo na hawampati.

Au uzingiwaji wa 1696 hadi 1698. Karibu miaka mitatu Waomani wako nje, na ndani ya ngome njaa na maradhi vinaua kuliko mizinga. Manowari ya Kireno Santo António de Tanná inakuja kusaidia na mwaka 1697 inazama mbele ya ngome, chini kabisa ya kuta. Ilichimbuliwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vimo kwenye jumba la makumbusho, mlango wa pili tu kutoka pale wanafunzi wanapopanga foleni ya kwenda chooni. Imo pia michoro ya meli ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu. Nani kati ya wanafunzi wale anaiangalia zaidi ya nusu dakika? Simlaumu. Imewekwa nyuma ya kizuizi, na maelezo yake ameyasoma haraka mwalimu aliyechoka na jua. Mtoto huyo huyo mpeni ngome ile kwenye skrini, mwaka 1697, maji yakiwa yamebaki kidogo kisimani, aamue nani anywe kwanza. Hataisahau hadi anazeeka.

Wenzetu wamejaribu. Mwaka 2018 kampuni ya Ubisoft ilitoa toleo la gemu yake ya Misri ya kale lililoondolewa mapigano yote, likabaki la kutembea na kujifunza, na walimu wakaingia nalo darasani. Fort Jesus iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, na watoto wa Mandera na Turkana wengi hawataifikia kwa basi.

Sasa nije kwa maimamu na wazee, kwa sababu najua mashaka yenu, na mengine ni yangu pia.

Gemu mnayoijua ninyi ni ile ya kibandani: mtoto katumwa mkate, pesa za mkate zimeishia kwenye pleistesheni, na Alasiri imempita. Mimi sikuja kukitetea kibanda. Mnaogopa pia kwamba mtu atauweka msikiti ndani ya gemu na kuufanya uwanja wa risasi. Woga huo una msingi, tena umeshatokea kwa wengine. Gemu ya Resistance: Fall of Man, iliyotoka mwaka 2006, ilionyesha mapigano ya bunduki ndani ya kanisa kuu la Manchester, Uingereza. Mwaka 2007 viongozi wa kanisa wakapaaza sauti kwamba hawakuombwa ruhusa, na kwamba mji wao una vijana wanaouawa kwa bunduki kweli. Sony ikaomba radhi. Mwaka uliofuata Sony hao hao walilazimika kuirudisha nyuma gemu ya watoto ya LittleBigPlanet ilipogundulika kwamba wimbo mmoja wa humo una maneno ya Qur'ani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakukuwa tu na mtu wa kuuliza, wala karatasi ya kumwambia aulize nani.

Mji wetu nao una kidonda chake cha vijana na mapanga, sina haja ya kuwaeleza. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuasisiwa mwaka 1570, bado watu wanauswalia mara tano kwa siku. Sitaki kumwona mchezaji wa ughaibuni akiruka juu ya mnara wake na bastola mkononi. Lakini kukataa kila kitu hakutamzuia. Anaweza kuuchora kwa picha alizopiga akiwa mtalii, bila kumwambia mtu, na tutakuja kujua siku gemu inapotoka. Kitakachomzuia ni masharti yaliyoandikwa, yanayopatikana, yenye faida kwake akiyafuata: hapa ruhusa, hapa kwa staha, hapa hapana, na ukikubali tutakupa vipimo vya kweli ambavyo huwezi kuviiba kwa simu.

Na nyumba. Mji wa Kale si magofu ya Gede. Nyuma ya kila mlango wa nakshi kuna mama anayepika. Mtu akitaka kuchora ndani, aombe kwa mwenye nyumba, si kwa ofisi.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa najua ndipo masikio yatakaposimama. Kisiwa cha Tsushima huko Japani kilitumiwa katika gemu ya Ghost of Tsushima, iliyotengenezwa na studio ya Marekani na kutoka Julai 2020. Miezi miwili baadaye kimbunga kikaangusha lango la hekalu moja la kisiwani. Hekalu likaomba mchango wa yeni milioni 5. Wachezaji wa gemu wakachanga, na zaidi ya yeni milioni 27 zikapatikana. Mwaka 2021 mji wa Tsushima ukawafanya wakurugenzi wa gemu hiyo mabalozi wake wa utalii. Nani asiyetaka lango la kwake lianguke kwenye kisiwa kama hicho? Tokyo nako, mtaa wa starehe wa Kabukicho umekuwa mandhari ya mfululizo wa gemu za Yakuza tangu 2005, kwa jina la kubuni, na mashabiki wanasafiri kwenda kutafuta kona walizozikariri. Sisemi Kibokoni itajaa Wajapani. Nasema mtu aliyezijua njia zetu kwenye skrini hatafungiwa ndani ya basi la hoteli saa moja na nusu akaonyeshwa ngome na duka la vinyago.

Kuna jambo moja ambalo watu wa gemu tunapenda kulipiga chuku, na nisingependa mlisikie kwa wengine. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, habari zilizagaa kwamba litajengwa upya kwa kutumia gemu ya Assassin's Creed Unity, ambamo lilichorwa kwa umakini mkubwa. Si kweli. Umbo la gemu lilikuwa la kisanii. Vipimo vilibadilishwa ili mchezaji aweze kukwea. Vipimo vya kutegemewa vilitoka kwa watu waliolipima kanisa lenyewe kwa mionzi ya leza miaka kadhaa kabla ya moto. Kwa hiyo akija mtu kuwaambia kwamba gemu yake itauhifadhi Mji wa Kale, muulizeni vipimo vyake viko wapi. Gemu haihifadhi jengo. Ila kupima kwa ajili ya gemu kunaweza kuacha kumbukumbu, kama mkiweka sharti hilo mapema.

Hapo ndipo ninapowaomba muwe wakali. Anayepiga picha au kuchukua vipimo vya jengo lolote la Mji wa Kale kwa ajili ya gemu, nakala kamili ya alichokusanya, kabla hajaibadilisha kwa ajili ya mchezo, ibaki Mombasa. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima wa Beit al-Ajaib ulianguka Zanzibar, mafundi wakiwa ndani, na wawili wakafa. Jengo lililosimama tangu karne ya 19 lilishuka mchana, watu wakitazama. Kwetu nyumba zinashuka kimyakimya, roshani moja mwaka huu, ukuta mwaka ujao, kisha unakuta tangazo la gorofa saba. Nisikilizeni: kila nakala itakayobaki ni nyumba ambayo fundi wa kesho anaweza kuirudisha ilivyokuwa.

Mambo mengine ninayoyaomba ni ya ofisini na hayahitaji bajeti kubwa.

Gemu ipewe nafasi yake kwenye fomu. Niliwahi kwenda ofisi moja, ambayo si lazima iwe yenu, kuulizia kibali cha kupiga picha za kuta kwa nje. Fomu ilikuwa na nafasi ya filamu, matangazo ya biashara, harusi na utafiti. Karani, mtu wa adabu zake, akanishauri nijaze "filamu". Kufika kwenye swali la idadi ya waigizaji nikaandika sifuri. Akaniuliza, sasa hiyo ni filamu gani? Ikabidi nicheke. Nikaondoka na fomu yangu, na picha nikazipiga kama kila mtu anavyozipiga, kwa kuibia. Mtoza ushuru hakupata kitu, na ninyi hamkupata nakala.

Kijana wa Mombasa asiyeajiriwa na mtu, anayetumia programu za bure kama Blender kwenye laptopu ya mkono wa pili, asitozwe sawa na studio yenye wafanyakazi mia tatu. Studio kubwa itozwe vizuri, na sehemu ya pesa hiyo iende kwenye chokaa na boriti, kwenye akaunti inayoonekana, isiingie kwenye kapu kuu ikapotelea huko. Michoro iwekwe kwa namna inayofunguka kwenye kompyuta. Karatasi iliyopigwa picha ya ukungu haipimiki. Na studio yoyote kubwa itakayopewa kibali iwalipe watu wa hapa kwa sauti na lugha. Mzee wa mtaa wa Kuze akifunguliwa kinywa kwenye gemu asikike anazungumza Kimvita, si Kiswahili cha mwigizaji wa California aliyekariri sentensi jana usiku.

Nani akae mezani kupitisha maombi? Msiunde kamati ya watu kumi na watano. Mtu mmoja wa makumbusho, mmoja wa kaunti, imamu, mama mmoja mwenye nyumba, na kijana mmoja anayeijua kazi yenyewe. Huyo wa mwisho msimwache, kwa maana akikosekana mtaanza kujadili kama gemu ni haramu, na kikao kitaisha hapo.

Naomba tukutane. Tusikutane hotelini, tafadhali iwe uani kwa mtu ndani ya Mji wa Kale, baada ya Isha, ili wazee waweze kuja kwa miguu. Tutaleta laptopu, tutawaonyesha nyumba moja ya Ndia Kuu tuliyoiunda kuanzia boriti hadi mabati, na mtatueleza tulipokosea, maana wamo kati yenu waliozaliwa kwenye nyumba kama hiyo. Kahawa juu yetu. Ninyi leteni fomu, na mleteni mtu mwenye mamlaka ya kuibadilisha.

Wenu,
Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa